Reli ya Hatua Thelathini

Gari la moshi tulilikuta Bububu, nyuma ya banda la makumbi,
limelala ubavu, mpapai umeota tumboni mwake.
Vuai mchomeleaji akaligonga kwa nyundo, akasikiliza,
akagonga tena, kama daktari agongavyo kifua cha mtu,
akasema: Lina pumzi hili. Hiyo kutu ni nguo tu.

Hapo Jumamosi zetu zikapata mwenyewe.

Hatulipwi. Jokha ana daftari la jalada la buluu:
brashi za waya sita, tupa mbili, msasa, mafuta ya taa,
muhogo wa nazi, deni kwa Bi Riziki,
na ukurasa wa nyuma, kwa kalamu nyekundu,
majina ya walioahidi kuja na hawajaja.
Ukurasa huo umejaa.

Mimi nilipofika mara ya kwanza nilikabidhiwa birika.
Nikapika chai. Nikanyamaza.
Nikawatazama wanaume wazima wakibishana
bomba hili linaingia wapi, lile linatokea wapi,
Shaame, fundi wa mafriji, akiapa kwa baridi yake
juu ya kitu kinachoishi kwa moto.
Nikaliweka birika chini.
Nikawaambia: Miaka ishirini na saba, hospitali ya Mnazi Mmoja,
kazi yangu ilikuwa kuchemsha mikasi ya wakunga.
Chumba changu kilikuwa na boila, na boila lina geji.
Nusu yenu mlikatwa vitovu kwa mvuke wangu.
Nipisheni.

Tangu siku ile chai anapika Vuai. Sukari anazidisha.

Reli tulizitafuta nyumba kwa nyumba.
Zimo. Reli haziondoki, hubadilisha kazi:
moja imekuwa kizingiti, moja imebeba paa la jiko,
kipande kimoja hugongwa skuli, watoto wakaingia darasani.
Bwana Pandu Makungu alitukatalia mlangoni:
Mkiichukua hiyo, basi na nyumba mchukue.
Tukacheka, tukaondoka.
Wiki ya pili akaja na kipande cha bandani kwa ng'ombe,
amekisugua kwa mchanga hadi kinang'aa.
Hakusema neno. Hata chai hakunywa.
Tukapata hatua thelathini,
zinaanza bandani, zinakwisha ukutani kwa Bi Riziki.

Wapitao hutuuliza: Litakwenda wapi?
Sijui. Mkono wangu ndio unaojua:
unaijua riveti ya tisa, upande wa kushoto,
kutu yake ilibanduka magamba magamba, kama ya changu,
na chini yake, alama ya nyundo ya mtu
aliyekufa mama yangu hajazaliwa.
Pigo la kwanza alikosea. La pili akasahihisha.
Nikamwambia: Nimeona.

Siku ya moto tulitia vifuu, makumbi,
na kuni za mkarafuu uliokauka; moshi ukanukia pilau,
watu wakaja na njaa zao.
Nikakaa na geji. Sindano imelala. Imelala.
Ikastuka, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.
Ishirini. Thelathini. Vuai akapiga kelele: Ongeza!
Nikasema: Hapana.
Kwenye kiungo cha tatu tone lilikuwa linachungulia.
Arubaini inakutosha, shoga, nikaliambia. Bado hujapona.

Hapa watu wanabishana tangu zamani
kama jina la mji ni la chemchemi au la gari la moshi.
Basi masikio yote yakangoja litamke: bu, bu, bu.
Halikutamka. Lilisema fsss,
kama bibi anayekaa kitako, ametoka sokoni na kapu lake,
likasogea hatua tisa,
likasimama.

Kuku wa Bi Riziki hawajarudi mpaka leo.
Jokha ameandika: kuku watatu, deni.
Kisha akafungua ukurasa wa nyuma
akafuta majina mawili.